SAUTI ILIYOPIGWA PASI

Mwalimu wa chuo akifika miaka sitini na nne, watu huwa wamekwisha kumkatia vipimo vya mambo anayostahili kuyapenda, kama fundi anavyokata kanzu. Anastahili kupenda kahawa chungu, vitabu vya zamani, wajukuu, na kukaa barazani baada ya sala ya alasiri. Akipenda kingine, huulizwa kama ana homa. Basi mimi leo nataka nikueleze jambo ambalo mpaka juzi lilijulikana na watu watatu tu katika mji wetu wa Tanga. Napenda muziki wa mitambo ya umeme. Sisemi kwamba nauvumilia, wala sisemi kwamba nausikiliza ili nipate kuukosoa. Naupenda. Na ndani ya muziki huo napenda zaidi ule uliosafishwa sana, ambao kila sauti imewekwa mahali pake, hapana vumbi wala mkwaruzo, mithili ya kanzu iliyotoka kupigwa pasi.

Najua wapo wasomaji watakaoliweka gazeti chini papa hapa. Nawaomba wasubiri kidogo. Hukumu ya muziki ni bahari waliyoiogelea wakubwa kabla yetu. Wengi katika wanavyuoni wa madhehebu manne wamevikataza vyombo. Ibn Hazm wa Andalusia aliona kwamba dalili za kukataza hazikusimama. Na Imamu Ghazali aliandika katika Ihyaa mlango mrefu wa kupambanua kinachosikilizwa, anayesikiliza, na namna moyo unavyoathirika. Mimi hapa sitoi fat-wa, wala simvuti mtu upande wowote. Nasimulia jambo lililonipata mwenyewe, na utakapofika mwisho utaona kuwa shida yangu haikuwa kinanda. Shida yangu ilikuwa uongo.

Mwaka 1975 nilikuwa kijana wa miaka kumi na minne. Mji ulikuwa umejaa muziki. Klabu za taarabu za Black Star na Lucky Star zilikuwa zimekwisha kuingiza magitaa ya umeme pale palipozoeleka udi na fidla, na sauti ya Shakila ilitoka madirishani ukipita njiani. Mimi nyimbo hizo nilizisikia, lakini hazikunikaa. Maneno ya mapenzi na mafumbo ya wake wenza hayakuwa na kazi kwa mtoto aliyekuwa akihifadhi juzuu.

Mjomba wangu alikuwa baharia. Safari moja alirudi na redio kaseti na kaseti moja aliyoinunua Hamburg. Aliniita chumbani, akafunga mlango, akabonyeza. Nikasikia mlango wa gari ukifungwa, mashine ikiwaka, honi ikilia, kisha gari likaondoka na kugeuka kuwa muziki. Ulikuwa ni wimbo wa Kraftwerk, Wajerumani wa Düsseldorf, waliouita Autobahn na kuutoa mwaka 1974. Unaendelea kwa zaidi ya dakika ishirini na mbili na kujaza upande mzima wa santuri. Kijerumani sikukijua. Nilichokijua ni kwamba nilikuwa nimekaa kitandani kwa mjomba, na barabara ilikuwa inapita chini yangu.

Miaka miwili baadaye watu hao hao walitoa muziki wa gari moshi, Trans-Europe Express. Sisi watu wa Tanga mdundo wa reli hatuhitaji kufundishwa. Reli yetu ilianza kujengwa na Wajerumani hao hao katika miaka ya 1890, nasi tumelala tukiusikia mlio wake. Nilipoisikia kaseti ile niliona kama mtu amechukua kitu cha nyumbani kwetu, akakisafisha kwa mchanga na ndimu kama tunavyosafisha sinia la shaba, akanirudishia kinang'aa.

Huenda utauliza, ladha hii ilitoka wapi? Nadhani ilitoka kwa baba yangu. Alikuwa fundi wa kanzu. Alikuwa na cherehani ya miguu na pasi ya mkaa, na alikuwa na desturi moja iliyowachosha wateja. Kanzu ikimalizika hakukupa. Aliigeuza ndani nje, akaipitisha mbele ya dirisha, akakagua kila mshono kwa upande usioonekana. Akiona uzi mmoja umelegea, alifumua. Mteja akilalamika kwamba huko ndani nani atatazama, alijibu kuwa mwenye kuivaa ataisikia mwilini. Ndipo akaipiga pasi. Nami nilipokua nikaona kwamba muziki wa mitambo, ukiwa umetengenezwa na fundi wa kweli, ni kanzu ya namna hiyo. Nikiusikiliza kwa hedifoni usiku baada ya sala ya isha, nyumba ikiwa imelala, huigeuza ndani nje na kukagua mishono. Huu hapa mdundo wa chini, haugongani na ule wa juu. Hii hapa sauti iliyowekwa mbali kidogo upande wa kushoto, ili nyingine ipate nafasi. Hupati taabu kuitafuta sauti yoyote. Kila moja imepewa haki yake.

Wala usidhani kuwa kazi hii ni ya kubonyeza tufe na kungoja. Mwaka 1968 Wendy Carlos wa Marekani alitoa santuri ya nyimbo za Bach zilizopigwa kwa sintesaiza ya Robert Moog. Mtambo ule uliweza kutoa sauti moja tu kwa wakati mmoja. Kwa hivyo kila mkondo wa sauti ulirekodiwa peke yake, kidogo kidogo, ukapangwa juu ya mwenziwe, mpaka ukapatikana muziki mzima. Fikiria mtu anayejenga msikiti kwa kuleta tofali moja kila safari.

Tena usidhani kuwa ni jambo la Wazungu peke yao. Karne ya tisa, mjini Baghdad, ndugu watatu wajulikanao kwa jina la Banu Musa waliandika kitabu cha vyombo vya hila, na katika kazi zao wakaeleza chombo kinachojipiga chenyewe: filimbi inayoendeshwa kwa nguvu ya maji, na pipa lenye vipini linalozunguka na kufungua matundu kwa mpango uliowekwa kabla. Na mwaka 1944, mjini Cairo, kijana Mmisri aitwaye Halim El-Dabh alichukua kinasa sauti cha waya kutoka kituo cha redio, akaenda kunasa zaar, yaani ngoma ya pepo ya wanawake. Ngoma hiyo siisifu. Lakini tazama alichokifanya: alirudi na waya wake, akaipunguza sauti ya asili, akaiacha mivumo na mwangwi wake, mpaka kilichobaki kikawa kitu kipya kabisa. Hiyo ni miaka minne kabla ya kazi za Pierre Schaeffer mjini Paris, ambazo vitabu vingi huzianzia hesabu. El-Dabh alifariki mwaka 2017, akiwa amefundisha miaka mingi Marekani.

Sasa nifike kwenye lililonipata.

Chuo chetu kina paa la makuti lililochoka. Mvua ikinyesha, wanafunzi husogea upande mmoja kama abiria wa mashua. Wazazi wakashauriana kwamba nirekodi kasida kadhaa, ziuzwe katika flashi na kwa njia ya simu, fedha zinunue bati. Nilikubali upesi kuliko ilivyofaa. Niseme kweli: nilikuwa na hamu ya kuingia studio tangu siku ile chumbani kwa mjomba.

Mwenye studio ni kijana niliyemfundisha alifu kwa kijiti. Ni chumba kidogo nyuma ya duka, kuta zake zimepambwa kwa magodoro ya sponji ili sauti isirudi. Alinibusu mkono, akanikalisha mbele ya maikrofoni, akanivisha hedifoni. Nikasoma. Ndugu msomaji, sauti yangu ya leo si ile ya mwaka 1990. Inatikisika juu, inazama chini, na pumzi yangu ni fupi. Katika kasida moja kuna beti ndefu ambazo mwalimu wangu, Mungu amrehemu, alizisoma kwa pumzi moja. Mimi huzigawa mara mbili, na siku ile nyingine nilizigawa mara tatu. Nilipotoka nilijua kuwa nimesoma kama mzee.

Siku tatu baadaye kijana akaniita nisikilize. Nilikaa, nikasikia sauti iliyosimama kama mlingoti. Haikutikisika popote. Mwangwi ulikuwa wa msikiti mkubwa wa mawe ambao sijapata kusoma ndani yake maishani mwangu. Na zile beti ndefu zilikwenda tangu mwanzo hadi mwisho bila ya kituo hata kimoja.

Nikamwuliza, "Umefanyaje?"

Akasema, "Nimeinyoosha kidogo tu, Maalim."

Akanionyesha kwenye kompyuta. Kila mahali nilipovuta pumzi palikuwa na kijilima kidogo cha sauti. Alikikata, akaziunganisha ncha mbili. Kila herufi iliyoteleza kutoka katika sauti yake ilikuwa na mstari uliopinda, aliuvuta ukanyooka. Akanieleza kuwa programu ya asili ya kazi hii ni Auto-Tune, iliyotoka mwaka 1997, na aliyeibuni ni Andy Hildebrand, mhandisi aliyekuwa akifanya kazi ya kutafuta mafuta. Wenye kutafuta mafuta hupeleka mawimbi ya sauti ardhini, kisha husoma yanavyorudi ili wajue kilichofichika chini. Hildebrand aliichukua hesabu ya namna hiyo akaielekeza kwenye koo la mwanadamu. Na mwangwi ule wa msikiti zamani ulihitaji chumba kitupu, au bamba kubwa la chuma lililoning'inizwa ndani ya sanduku, kama lile lililotengenezwa na Wajerumani mwaka 1957. Leo kompyuta huiga yote hayo kwa hesabu tu.

Je, nilikasirika? La. Nilifurahi mno. Masikio yangu, yaliyolelewa na Kraftwerk, yalikuta kila mshono umenyooka. Nikamwombea dua kijana, nikasema zitolewe.

Ziliuzwa vizuri. Watu walinisimamisha njiani wakanipa pongezi. Mwenzangu mmoja tuliyesoma kwa sheikh mmoja alinishika bega akasema, "Maalim, pumzi hiyo umeipata wapi uzeeni?" Nikacheka. Sikujibu. Kicheko kile ndicho ninachokijutia zaidi kuliko kurekodi kwenyewe, maana hapo nilikuwa na nafasi ya kusema kweli nikaiacha ipite.

Kisha, magharibi moja, alinijia mama wa mwanafunzi wangu wa miaka kumi na mmoja. Alisimama mlangoni, hakukaa. Akaniambia, "Maalim, nimemkuta mwanangu kichwa ndani ya pipa la maji. Nilidhani amezimia. Nilipomtoa akaniambia anajizoesha pumzi, afike mwisho wa beti kama wewe."

Siwezi kukueleza nilivyohisi. Nilimwita mtoto kesho yake. Akanisomea. Alivuta pumzi, akaanza vizuri, mishipa ikamsimama shingoni, sauti ikaanza kukauka, na katikati ya neno akakatika. Akainamisha kichwa. Akasema amejaribu kwa wiki mbili, na kwamba huenda Mungu hakumpa kifua cha kusomea kasida. Mtoto huyu ana sauti nzuri kuliko yangu nilipokuwa na umri wake. Nami nilikuwa nimeuza, kwa shilingi elfu tano, kipimo ambacho hata mimi sikukifikia.

Usiku ule nilikumbuka khabari mashuhuri, aliyoipokea Abu Huraira, ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni kwenye chungu ya chakula. Alitia mkono ndani, vidole vikagusa unyevu. Mwenye mali akatoa udhuru kwamba ilinyeshewa na mvua, naye akamwuliza kwa nini hakuiweka ile yenye maji juu, watu waione. Nimeifundisha khabari hii kwa miaka arobaini, na siku zote nilimwaza mfanya biashara wa mchele. Sikupata kuwaza kuwa chungu ile yaweza kuwa sauti, na kwamba mkono utakaotiwa ndani waweza kuwa wa mtoto.

Ndipo nilipokaa na ladha yangu, nikaihukumu. Je, kosa ni kupenda kilichosafishwa? Nilipima nikaona mambo matatu, nawe yapime nami.

Kwanza, muziki wa mitambo ninaoupenda haukunidanganya hata siku moja. Kraftwerk walitoa santuri mwaka 1978 wakajiita maroboti, na baadaye wakasimamisha masanamu yao wenyewe jukwaani. Mtambo ulisema, mimi ni mtambo. Hata kijana wa leo anayeigeuza sauti yake kwa Auto-Tune mpaka ikawa kama ya chuma, kila mwenye masikio anajua kuwa hapo pana mashine. Udanganyifu huingia pale mashine inapojificha ndani ya koo la mtu na kujiita pumzi yake.

Pili, kusafisha kuna namna mbili. Kuondoa mvumo wa feni, honi ya bodaboda iliyopita nje, na mkwaruzo wa maikrofoni, huko ni kufuta vumbi kati ya msomaji na msikilizaji. Hakuna aliyedhulumiwa. Lakini kuongeza ambacho hakikuwako, au kuondoa kilichokuwa sehemu ya msomaji mwenyewe, ni kubadilisha bidhaa. Baba yangu aliipiga pasi kanzu ikanyooka, lakini pasi hainyamazishi tobo. Tobo hushonwa, au huonyeshwa mteja.

Tatu, pumzi si kasoro. Sisi walimu wa tajwidi tunayo elimu nzima ya kusimama na kuanza. Tunafundisha wapi msomaji akate na wapi asikate, kwa kuwa maana yaweza kuharibika. Elimu hiyo imejengwa juu ya ukweli kwamba mwanadamu huishiwa na pumzi. Na nilimshukuru Mungu kwamba zile zilikuwa kasida tu. Lau ingekuwa ni Kur'ani iliyokatwa na kuunganishwa namna ile, sijui ningelala vipi.

Basi nikaenda studio. Kijana aliumia. "Maalim, kila mtu hufanya hivi," aliniambia, na macho yake yalisema kuwa namdharau kazi yake. Nikamwambia simdharau, kazi yake ni nzuri kiasi cha kumwadhibu bwana wake. Nilimwomba tuanze upya. Afute feni, asawazishe sauti ndogo na kubwa ili msikilizaji asihangaike na kitufe, aweke mwangwi mdogo wa chumba kama cha chuo chetu. Lakini pumzi zangu aziache, na mitetemo yangu aiache. Alifanya. Na nakwambia, kwa ufundi ile ya pili ndiyo ngumu zaidi, maana kuipamba sauti ya mzee bila ya kuificha kunataka mkono mwepesi.

Alkhamisi iliyofuata niliwakusanya wanafunzi na wazazi, nikasema yote, nikaahidi kumrudishia fedha zake kila atakaye. Wapo waliozidai, nikawalipa. Mwenzangu wa kushika bega alikuwapo pia. Nilimgeukia nikamwambia, "Pumzi ile niliipata kwenye kompyuta." Alinyamaza, kisha akacheka mpaka machozi, akakiri kuwa naye tangu asikie kasida zile alikuwa akijaribu kwa siri chooni. Mtoto wa pipa nilimkalisha karibu yangu, nikasoma ule ubeti mrefu mbele yake kwa pumzi tatu, akahesabu kwa vidole. Akausoma yeye kwa mbili.

Kasida za pili hazikuuzwa kama zile za kwanza. Paa letu limefika nusu. Upande wa kibla una bati, upande wa pili bado makuti, na mvua ikinyesha tunajua pa kukaa. Nilidhani jambo hili litanikera. Halinikeri sana.

Na ladha yangu je? Ipo. Usiku nikimaliza uradi navaa hedifoni nikasikiliza mitambo yangu, safi, imenyooka, kila kitu mahali pake. Sijaona sababu ya kuona haya. Nimejifunza tu kuuliza swali la baba yangu kabla sijasema kuwa kitu ni kizuri: ukikigeuza ndani nje, utakuta nini?

Nawe ndugu yangu, huenda huna haja na muziki wa namna yoyote. Lakini una picha unazozisafisha kabla ya kuwatumia jamaa, barua za maombi ya kazi unazozipamba, na khabari za safari unazozisimulia barazani. Pasi ni halali. Piga upendavyo. Chunga tu asije mtoto wa mtu akatia kichwa ndani ya pipa akitafuta ulichokiongeza.

Mwenyezi Mungu atusitiri aibu zetu, na atupe ujasiri wa kuzionyesha zile ambazo kuzificha kunawadhuru wengine. Wabillahi tawfiq.